JIHESABU KILA MWEZI: DAFTARI LA DUKA NA AMANA YA MFANYABIASHARA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na watu wake na masahaba wake wote.



Somo letu la Ijumaa hii ni juu ya jambo ambalo wengi wanalifikiri kuwa la watu wa benki na wa ofisi tu, nalo ni kuandika hesabu ya biashara na kuisoma kila mwezi. Katika misikiti yetu walio wengi wanaishi kwa biashara ndogo. Kuna mwenye butike ya sukari na sabuni, kuna mama anayeuza mafuta ya mawese kwa bidoni, kuna mshonaji, kuna kijana anayeuza nguo sokoni. Kila mmoja anaomba rizki ya halali na yenye baraka. Basi na tuangalie pamoja namna gani daftari linavyosaidia kuilinda rizki hiyo.

1. DINI IMESEMA NINI

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni aya ya 282 ya Sura Al-Baqara. Aya hiyo haizungumzi juu ya sala wala saumu. Inazungumza juu ya kuandika madeni. Mola wetu ametuamrisha ndani yake tuandike deni lenye muda wake, likiwa dogo au kubwa, wala tusichoke. Mwandishi aandike kwa uadilifu, na asikatae kuandika. Mwenye kudaiwa ndiye atamke, na kama hawezi, msimamizi wake atamke kwa ajili yake. Na mashahidi watafutwe.

Mtu anaweza kuniambia: Shekhe, aya hiyo hiyo imetoa ruhusa, biashara ya mkono kwa mkono si vibaya isipoandikwa. Ni kweli, na hatuwezi kuharamisha alichoruhusu Mungu. Mnunuzi aliyelipa na kuchukua sukari yake hana tena haki juu yako, wala wewe huna haki juu yake. Lakini angalia ile feza inakwenda wapi. Inaingia ndani ya sanduku moja pamoja na feza ya mshirika wako, na ya depo iliyokupa mali kwa deni, na ya jirani aliyeweka amana, na ya maskini anayengojea zaka. Hao wote wangali na haki. Usipoandika, utajuaje ni ya nani?

Tena Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Tirmidhi, kwamba siku ya Kiyama mja hataondoka mahali pake mpaka aulizwe juu ya mambo kadhaa. Juu ya mali peke yake ataulizwa mara mbili: aliipata wapi, na aliitumia katika nini. Ndugu yangu, chukua kaye, piga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika zilizoingia, upande wa pili andika zilizotoka. Umekwisha kuanza kutayarisha jibu la maswali yale mawili.

Na tusisahau kwamba Mtume wetu mwenyewe alifanya biashara. Alisafiri mpaka Sham na mali ya Bibi Khadija (r.a.) kabla ya kumuoa. Bibi Khadija hakusafiri na msafara. Alibaki Makka, akingoja kuletewa mali yake na faida yake. Alimjua kwa uaminifu wake, na uaminifu ule ulionekana wakati wa kurudisha hesabu.

2. KARATASI TATU ZA MWEZI

Usiogope neno ripoti. Kwa biashara ndogo, karatasi tatu zinatosha.

Karatasi ya kwanza ni ya sanduku. Kila siku unaandika feza zilizoingia na zilizotoka, na jioni unahesabu zilizobaki. Feza iliyo ndani ya simu, ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, nayo ni sanduku, iandike. Kama kaye inasema 85.000 na mkononi una 79.000, tafuta usiku ule ule, kwa maana baada ya wiki moja hakuna atakayekumbuka.

Karatasi ya pili ni ya faida. Inafanywa mwisho wa mwezi. Inaonyesha umeuza kwa kiasi gani, mali iliyouzwa ilikugharimu kiasi gani, na gharama za duka zilikuwa ngapi.

Karatasi ya tatu ni ya mali na madeni. Siku ya mwisho ya mwezi unafunga mlango, unahesabu mali yote iliyo dukani kwa bei uliyonunulia, unaongeza feza ya sanduku na madeni ambayo wewe unawadai watu, kisha unaondoa yale unayodaiwa na wengine. Kinachobaki ndicho kapitali yako ya kweli.

Sheria ya nchi nayo haimtaki mfanyabiashara mdogo afanye hesabu kama za kampuni kubwa. Tangu mwaka 2012 Kongo inafuata sheria za OHADA, na sheria hizo zimemwekea mwenye biashara ndogo mpango mwepesi unaoitwa Système minimal de trésorerie, ambao msingi wake ni daftari la zilizoingia na zilizotoka. Kwa hiyo kaye yako ni ya kukusaidia mbele ya Mungu na mbele ya serikali pia.

3. MFANO WA DUKA MOJA

Tuchukue mfano wa kufundishia. Hakuna mtu anayetajwa hapa. Tarehe 1 ya mwezi, duka lilikuwa hivi:

Mali iliyo dukani: FC 2.400.000
Feza ndani ya sanduku: FC 300.000
Madeni ya wateja: FC 200.000
Deni la depo: FC 400.000

Jumlisha tatu za kwanza, ondoa deni la depo. Kapitali yake ni FC 2.500.000.

Ndani ya mwezi ule aliuza mali ya FC 3.000.000. Katika hizo, 2.600.000 zililipwa palepale, na 400.000 watu walichukua kwa deni. Wateja wa zamani walilipa 150.000. Alinunua mali mpya ya 2.300.000, alilipa 1.900.000, na 400.000 zikabaki kuwa deni kwa depo. Alipunguza deni la depo la zamani kwa 300.000. Kodi ya nyumba ya duka, usafiri wa mali, mlinzi, taksi za soko na gharama ndogondogo, zote pamoja ni 380.000. Na kwa chakula na mambo ya nyumbani alichukua 350.000.

Duka lilijaa watu mwezi mzima. Ukimuuliza, atakwambia: Alhamdulillah, kazi inatembea, nimeuza milioni tatu. Sasa tufungue karatasi.

Sanduku. Zilizokuwamo 300.000, zilizoingia 2.600.000 na 150.000, jumla 3.050.000. Zilizotoka ni 1.900.000, na 300.000, na 380.000, na 350.000, jumla 2.930.000. Zilizobaki ni FC 120.000.

Faida. Alihesabu mali mwisho wa mwezi, akakuta ya 2.150.000. Alianza na ya 2.400.000, akaongeza ya 2.300.000, ukiondoa iliyobaki, mali iliyoondoka ilimgharimu 2.550.000. Aliiuza 3.000.000. Faida ya kwanza ni 450.000. Ondoa gharama za duka 380.000. Faida safi ni FC 70.000.

Mali na madeni. Mali 2.150.000, sanduku 120.000, madeni ya wateja 450.000, jumla 2.720.000. Ondoa deni la depo ambalo sasa ni 500.000. Kapitali ni FC 2.220.000.

Unaona, ndugu? Duka limezaa 70.000, nyumba imekula 350.000. Ile 280.000 ya tofauti imetoka ndani ya kapitali, na ndiyo maana 2.500.000 imekuwa 2.220.000. Akiendelea hivyo kila mwezi, katika muda wa miezi tisa hakuna duka tena. Na hakuna mwizi aliyeingia. Siku moja atasimama mbele ya rafu tupu, atasema wamenifanyia uchawi, atamshuku mke wa ndugu yake, na uadui utaingia ndani ya jamaa kwa jambo ambalo kaye ingemwonyesha tangu mwezi wa kwanza.

4. KUANDIKA HAITOSHI, LAZIMA KUSOMA

Karatasi ya mwezi inauliza maswali, na mwenye duka lazima ajibu kwa matendo. Tuangalie karatasi za duka lile.

Swali la kwanza: unajilipa kiasi gani? Mwenye duka ajiwekee posho inayojulikana, kulingana na faida, wala asichote kila anapopita mbele ya sanduku. Watoto lazima wale, hiyo ni wajibu wa dini. Lakini anayekula kapitali anawalisha watoto leo chakula chao cha mwaka ujao.

Swali la pili: madeni ya wateja yanakwenda wapi? Yalikuwa 200.000, yamekuwa 450.000. Andika jina la kila mmoja, kiasi, na siku aliyoahidi. Mwenye dhiki kweli, Kurani imetuambia tumngojee mpaka apate, na kumsamehe ni heri zaidi. Lakini kumsamehe maskini kwa nia ni sadaka, na kusahau deni kwa kuwa hukuandika si sadaka, ni uzembe.

Swali la tatu: depo ikikuita kesho, utalipa na nini? Unadaiwa 500.000, sanduku lina 120.000. Hapo ndipo watu wanapokimbilia wale wakopeshaji wa mtaani ambao wanaitwa Banque Lambert, na kuingia katika riba. Aliyeona hatari mapema katika karatasi anapunguza ununuzi wa mwezi huu, anakusanya madeni, anakwenda kwa mwenye depo kabla ya siku kufika na kuomba muda. Riba inamkamata zaidi yule aliyeshtukizwa.

Swali la nne: mali yote imeuzwa kwa bei yake? Kama desturi ya duka ni kuongeza 20 juu ya kila 100 ya kununulia, mali ya 2.550.000 ingeleta 3.060.000. Imeleta 3.000.000. Hizo 60.000 ziko wapi? Pengine umepunguza bei kwa ajili ya majirani, pengine sukari imelowa, pengine panya, pengine mkono wa mtu. Usimtuhumu mtoto wa duka kwa sababu ya namba moja, maana dhana mbaya ni dhambi. Hesabu tena mwezi ujao, tena mkiwa pamoja naye. Namba ikirudia, hapo ndipo utafute.

Na karatasi ya mwezi mmoja peke yake haisemi mengi. Iweke kando ya ile ya mwezi uliopita, na ile ya mwezi kama huu mwaka uliopita. Mwezi wa Ramadhani haufanani na mwezi wa kufungua shule. Ukiwa na karatasi za mwaka mzima, utajua wakati gani wa kuweka akiba na wakati gani wa kuongeza mali.

5. DOLARI, LIKELEMBA NA AMANA

Hapa kwetu kuna mambo matatu yanayodanganya sanduku.

La kwanza ni bei ya dolari. Wengi tunanunua kwa dolari na kuuza kwa falanga. Tuseme mfuko wa sukari ni dolari 40, na dolari moja ni FC 2.000. Umeununua kwa 80.000, umeuuza rejareja kwa 90.000, umefurahi kwa 10.000. Lakini uliporudi depo, dolari imefika 2.300. Mfuko ule ule ni 92.000 sasa, na wewe una 90.000. Kwa hiyo andika bei ya dolari ya kila siku juu ya ukurasa, na mwisho wa mwezi piga kapitali yako kwa falanga na kwa dolari. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1993, zaire 3.000.000 za zamani zilipobadilishwa kwa zaire mpya 1, na mwaka 1998, zaire mpya 100.000 zilipokuwa falanga 1. Wingi wa noti si utajiri.

La pili ni likelemba. Mko watu kumi, kila mmoja anatoa 50.000, na wewe umepokea wa kwanza: 500.000. Feza hiyo si faida. Katika hizo, 50.000 ni zako, na 450.000 ni deni ambalo utalilipa mwezi baada ya mwezi. Iandike hivyo katika karatasi ya tatu, upande wa madeni.

La tatu ni amana. Watu wanamwamini mwenye duka, wanamwachia feza, na pengine ni feza ya yatima. Juu ya mali ya yatima Kurani imetoa onyo kali sana katika Sura An-Nisa, kwamba anayeila kwa dhuluma anakula moto tumboni mwake. Feza hiyo iwe na bahasha yake na ukurasa wake. Usiichanganye na feza ya duka hata kwa siku moja bila ruhusa ya mwenyewe.

6. MSHIRIKA, ZAKA NA MIRATHI

Kama mmoja ametoa feza na mwingine anatoa kazi, hiyo ndiyo mudaraba. Katika sheria yetu, kapitali inarudishwa kwanza ikiwa kamili, na faida inagawanywa baadaye kwa sehemu mliyopatana. Hasara isiyotokana na uzembe inaanguka juu ya mwenye feza, na mfanyakazi anapoteza taabu yake. Bila karatasi ya mwezi, nani atajua kama kapitali imetimia? Ugomvi mwingi unaoletwa mbele ya maimamu ni wa watu wawili wasemao kweli wote wawili, kila mmoja kwa namna anavyokumbuka.

Juu ya zaka, mwenye duka analazimika kujua mali yake mwaka wa mwezi mwandamo unapotimia, nao una siku kama 354. Siku ile anahesabu bidhaa kwa bei ya kuuzia ya siku ile, anaongeza feza na madeni anayotegemea kulipwa. Rafu, mizani na kinga ya kubebea mali hazihesabiwi. Juu ya kuondoa madeni anayodaiwa, maimamu wamehitilafiana, kwa hiyo muulize mwalimu wako ufuate njia moja. Kisha anapima na nisabu, gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za feza nyeupe, kwa bei ya siku. Ikifika, anatoa moja katika arobaini, yaani FC 25.000 katika kila milioni. Anayekadiria kwa macho, mwaka huu atawanyima maskini haki yao, mwaka ujao atajidhulumu mwenyewe. Tena hesabu inaweza kuonyesha kwamba madeni yamemzidi mtu kabisa, naye ni katika wale ambao Sura At-Tawba, aya ya 60, imewataja kuwa wanastahili kupewa zaka. Hapo si aibu kuwaambia ndugu msikitini.

Na la mwisho ni mauti. Katika Sahihi ya Bukhari tunasoma kwamba aliletwa maiti mwenye deni la dinari tatu ambaye hakuacha kitu, na Mtume (s.a.w.) aliwaambia masahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada aliposimama kulidhamini deni lile, ndipo akamsalia. Na katika mirathi, deni linalipwa kabla warithi hawajapata sehemu zao. Sasa fikiri: mwenye duka amekufa Jumanne. Jumatano wanakuja watu watano wanaosema walikuwa wakimdai, hapana mmoja anayesema mimi nilikuwa na deni lake. Mjane ataonyesha nini? Kama kuna kaye, atafungua: huyu kweli, huyu amekwisha kulipwa, na wale saba wana deni la duka. Kama hakuna, duka litagawanywa na wenye sauti kubwa, na watoto wataondoka mikono mitupu.

7. NAMNA YA KUANZA

Nunua kaye mbili na biki. Moja ya kila siku, moja ya karatasi za mwezi. Kila usiku baada ya Isha, dakika kumi za sanduku. Kila Alhamisi pitia madeni. Siku ya mwisho ya mwezi hesabu mali, mkiwa wawili, na wote wawili watie sahihi.

Mama au baba asiyejua kuandika asikae nyuma. Aya imesema mwandishi asikatae. Mtoto wako anayesoma, au mwanafunzi wa madrasa yetu, aandike unavyomwambia, kisha akusomee tena mpaka ukubali. Na ninyi vijana mliosoma, mkiombwa kazi hiyo na mzee, msidai malipo makubwa kwa dakika kumi za biki.

Mke au mume ajue kaye inawekwa wapi. Wengine wanaficha hesabu kwa sababu wanaogopa kuombwa feza. Lakini nyumba inayoona faida ni 70.000 haitaomba 350.000, inaomba hivyo kwa sababu inaona duka limejaa watu na haijui zaidi.

Usingoje mwanzo wa mwaka. Jumamosi ya kesho funga mlango saa moja, hesabu mali yako, andika unachodai na unachodaiwa. Hiyo itakuwa karatasi yako ya kwanza, na mwisho wa mwezi utakuwa na ya pili ya kuilinganisha nayo.

Ee Mola wetu, tubarikie katika masoko yetu na mizani yetu. Tukinge na riba na deni linalomshinda mtu. Wape wagonjwa wetu afya, wasamehe waliotangulia, iletee nchi yetu ya Kongo amani. Tufanyie hesabu nyepesi siku ambayo kila mtu atasoma kitabu chake mwenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.